Kabla Hujatia Saini Kitabu cha Adhabu

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Shule wa Jimbo la Ziwa,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazee wa Kamati ya Shule,
Wazazi mliotoka Nyegezi, Igoma, Buzuruga na vijiji vya ng'ambo ya ghuba,

Shikamooni nyote.

Makaribisho

Leo, Jumamosi tarehe 25 Agosti 1962, sisi wanafunzi wa Shule ya Kati ya Nyamhela tunafurahi kukupokea, Mgeni rasmi, katika uwanja wetu wa michezo. Tumeufyeka tangu Jumatano. Lile jabali unaloliona nyuma ya goli la kusini tulilikuta hapa na tutaliacha hapa. Limeokoa mabao mengi kuliko golikipa yeyote tuliyewahi kuwa naye, na halijaitwa ofisini hata siku moja.

Tunaomba radhi kwamba msomaji wetu amesimama juu ya sanduku la sabuni. Tulijaribu bila sanduku, na wazee waliokaa nyuma wakauliza sauti inatoka wapi.

Risala hii tuliiandika kwa siku nne. Kama ilivyo desturi, tulimpelekea Mwalimu Mkuu aisome kwanza. Alikaa nayo siku mbili. Alipoturudishia tulikuta amesahihisha maneno matatu kwa wino mwekundu, mengine hakuyagusa, wala hakusema kitu. Hatukujua kama ile ni ruhusa au ni hasira. Tulijadiliana bwenini, tukaamua kuichukua kama ruhusa.

Historia ya shule, na ya jezi zake

Shule yetu ilifunguliwa mwaka 1949 ikiwa na madarasa mawili ya udongo na mwalimu mmoja na nusu, maana yule wa pili alikuwa akifundisha hapa siku tatu na shule nyingine siku mbili. Leo tuna madarasa manne ya matofali, mabweni mawili, na wavulana mia moja na arobaini, kuanzia darasa la tano hadi la nane.

Mwaka 1955 shule ilipata jezi kumi na moja za buluu zenye ukosi mweupe. Kumi na moja tu, hapana ya akiba. Mwaka huo katika mchezo na jirani zetu aliingia mwanafunzi mmoja wa akiba, akacheza na shati lake la kazi lililochanika mgongoni, akafunga bao la ushindi. Nahodha wa wakati huo, Mbaruku, ambaye sasa ni seremala mjini, alivua jezi yake nambari tano akamvalisha yule kijana. Alisema aliyefunga hawezi kuingia nyumbani na matambara wakati watu wamejipanga njiani kumtazama.

Tangu siku ile imekuwa desturi ya Nyamhela. Tukishinda ugenini, nahodha huvua nambari tano na kumvalisha aliyefunga bao la ushindi, naye hutembea nayo mpaka getini. Nahodha hurudi na fulana yake ya ndani. Kila aliyesoma hapa anaijua desturi hii, na akina mama wa njiani wanaijua pia, ndiyo maana humpigia vigelegele mwenye nambari tano hata akiwa mtu ambaye hawajapata kumwona.

Mgeni rasmi, tumeieleza habari ya jezi kwa urefu kuliko habari ya madarasa. Utaona sababu yake hivi punde.

Mafanikio

Shamba la shule limetoa mihogo ya kututosha tangu Machi. Kwaya yetu iliimba kwenye sherehe za Uhuru mwezi Desemba mwaka jana, na ingawa mvua ilinyesha hakuna aliyekimbia isipokuwa mpiga ngoma, naye aliikimbiza ngoma. Darasa la nane la mwaka jana lilipeleka wanafunzi tisa darasa la tisa, idadi ambayo hatujapata kuifikia.

Na mwezi uliopita, Jumamosi ya tarehe 28 Julai, kwenye uwanja wa Igoma, timu yetu ilitwaa kikombe cha shule za kati za kando ya ziwa kwa mabao mawili kwa moja. Ni hicho hapo mezani. Hakijakabidhiwa mpaka leo. Desturi ni kwamba nahodha ndiye anayekipokea, na nahodha hayupo mstarini.

Shida zetu

Bomba la maji, madawati, na lile paa la bweni la pili tumeyaandika kwenye karatasi nyingine ambayo tutampa Bwana Ally, karani wa shule. Leo tuna shida moja, na tunaomba uvumilivu wako tuieleze tangu mwanzo.

Nahodha wetu anaitwa Nkwabi Ngosha, wa darasa la nane, kutoka upande wa Igoma. Ni beki wa kati. Ni mrefu kiasi kwamba huinama kila anapoingia bwenini, na akisahau tunasikia kishindo. Si mwepesi wa maneno. Uwanjani anaamrisha kwa mkono, darasani anajibu akiulizwa, na asipoulizwa unaweza kumaliza wiki hujaisikia sauti yake. Baba yake, Mzee Ngosha, ni mfugaji. Ana watoto saba, na huyu ndiye wa kwanza kufika darasa la nane.

Siku ile ya Igoma, dakika za mwisho, golikipa wetu Shaibu alipigwa kwenye kifundo cha mguu. Alimaliza mchezo akisimama mguu mmoja. Baada ya kipenga walimu walipanda lori la pamba pamoja na kikombe na mpira, sisi wengine tukashika njia ya mkato ya mashambani kwa miguu. Kabla ya kuondoka, Nkwabi alivua nambari tano akamvalisha mwenzetu aliyefunga bao la pili. Mwenzetu huyo ni mfupi. Jezi ilimfika magotini, tukacheka sana, naye akacheka kuliko sisi, maana lilikuwa bao lake la kwanza tangu aingie timuni.

Nkwabi hakwenda nasi. Lori lilikuwa limekwisha ondoka na Shaibu hakuweza kukanyaga. Nkwabi alimbeba mgongoni mpaka zahanati iliyo nyuma ya soko. Bibi Getruda, mkunga na mwuguzi wa pale, aliufunga ule mguu akawapa uji. Aliandika majina yao wote wawili katika daftari lake, kwa sababu huandika pia jina la anayemleta mgonjwa. Walitoka pale jua likiwa limeanza kushuka, na nyuma yetu kwa maili tatu nzima.

Sisi huku mbele tulipita penye mji wa mkulima mmoja ambapo watu walikuwa wamemaliza kuvuna pamba kwa pamoja, wamekaa wanakula. Wenye kazi wakatuita. "Washindi wetu! Njooni mlowanishe koo!" Wengi tulipunga mikono tukapita. Yule mwenye nambari tano alishikwa mkono na mama mmoja mtu mzima akapewa kata. Alikunywa. Kama kilichokuwamo kilikuwa togwa, au togwa iliyokwisha lala siku mbili na kubadilika tabia, ni yeye atakayeeleza siku atakapoulizwa. Alikunywa kata moja, akashukuru, akatufuata.

Njiani hapo alipita karani wa ghala la pamba kwa baiskeli. Jumapili baada ya ibada alikutana na Mwalimu Venant, mwalimu wetu wa michezo, akamwambia, "Vijana wako wanacheza vizuri, lakini nambari tano nilimkuta kwenye pombe."

Mgeni rasmi, tunataka tuseme haki juu ya Mwalimu Venant. Amekuja kwetu Januari hii akitokea Tabora. Hukimbia nasi kila alfajiri wala hachoki. Ametufundisha kupiga kona. Tunampenda, na tunajua aliumia kusikia habari ile, maana alikuwa amejivunia timu yake mbele ya watu wote. Lakini yeye ni mgeni wa desturi ya jezi, na alirudi kwa lori. Alifungua orodha yake ya wachezaji akatafuta nambari tano. Mbele yake palikuwa na jina moja tu.

Jumatatu asubuhi mstarini liliitwa jina hilo.

"Nkwabi Ngosha, toka mbele."

Akatoka. Alidhani anaitwa kupokea kikombe. Ametuambia mwenyewe baadaye, na ilikuwa vigumu kumtazama akisema, kwamba alikuwa ameifuta mikono yake kwenye kaptula ili asikichafue.

"Umelewa ukiwa na jezi ya shule," Mwalimu Venant alisema. "Mbele za watu. Viboko vinne, na utakwenda kwenu mpaka mwaka ujao."

"Mwalimu, mimi sikuwa..."

"Kimya! Unajibizana mstarini?"

Basi akanyamaza. Wale msiomjua mtasema kwa nini hakupiga kelele. Sisi tunaomjua tulishangaa kwamba alisema hata hayo maneno matatu. Alipigwa, akaenda bwenini, akainama mlangoni, akatoka na sanduku lake la bati kichwani. Shaibu alikuwa kitandani mguu umevimba, akamwuliza kuna nini. Nkwabi alimwambia, "Wamesema nimelewa," akaenda zake. Shaibu alitambaa mpaka mlangoni akiita walimu, lakini wakati huo kengele ya kipindi cha kwanza ilikuwa inalia.

Hapo lazima tuseme pia aibu yetu. Sisi mia moja na arobaini tulikuwa tumesimama pale. Kumi kati yetu tulijua kabisa nani alikuwa na jezi njiani, maana tulitembea naye. Tulitazama chini. Mtu anaposimamishwa mbele, kila mmoja hushukuru kimoyomoyo kwamba si yeye. Hatukupanga kunyamaza, lakini tulinyamaza, na hilo halitutoki moyoni.

Na yule aliyevaa jezi? Alinyamaza siku tatu. Hatumtetei. Alishindwa kula, tukadhani ana homa. Alhamisi alipiga moyo konde akaenda kwa mwalimu wa zamu.

"Shikamoo, Mwalimu. Aliyekuwa na nambari tano njiani ni mimi."

"Marahaba. Rafiki yako Nkwabi, siyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nyie wacheza mpira mnapendana sana. Mwenzako ameshaandikwa, na wewe unataka kuandikwa kwa ajili ya urafiki? Rudi darasani."

Alirudi tena wiki iliyofuata. Aliambiwa akija mara ya tatu ataadhibiwa kwa uongo.

Jumapili ya ruhusa tulikwenda wanne mpaka Igoma kumwona Nkwabi. Tulimkuta anachunga. Kwa kawaida ndugu zake wadogo ndio wanaochunga, lakini baba yake alikuwa amempa yeye fimbo. Mzee Ngosha hanywi. Katika ukoo wao kuna mjomba aliyepotelea kwenye pombe na mifugo yake ikapotea pamoja naye, na Mzee alikuwa amewaambia wanawe wote kwamba jambo hilo moja hatalisikia nyumbani kwake. Sasa alikuwa amelisikia, tena kutoka shuleni, na kwa Mzee Ngosha neno la shule ni kama lililopigwa muhuri.

Tulimwuliza Nkwabi, "Kwani wewe hukumwambia baba?"

"Nilimwambia sikunywa."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, 'Huko shuleni ulisema hivyo?' Nikasema sikupewa nafasi. Akasema, 'Haiwezekani. Mtu hawezi kufukuzwa bila kuulizwa. Hata sisi tusiojua kusoma tunaulizana.' Ananiona mwongo mara mbili sasa."

Akageuka akawafuata ng'ombe. Shaibu, ambaye tulimpeleka kwa baiskeli ya kuazima, alilia. Sisi wengine tulitazama ng'ombe.

Shaibu ndiye aliyekwenda kwa Mzee akamweleza yote, na kumwonyesha mguu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake asubuhi alivaa koti lake, akaja Nyamhela kwa miguu. Alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi. Mwalimu Mkuu siku hiyo alikuwa mjini kwenye mkutano, kwa hiyo aliyemhudumia ni Bwana Ally. Wawili wetu tulikuwa tukimwagilia maua pale, na maua yale hayajapata kumwagiliwa polepole namna ile.

"Sikuja kugombana, Bwana Karani," Mzee alisema. "Nimekuja kusikia mwanangu alisema nini. Mnisomee tu, niende."

Bwana Ally ni mtu mwema. Alikitoa Kitabu cha Adhabu, akakifungua ukurasa wa arobaini na moja, akasoma: "Tarehe 30 Julai. Nkwabi Ngosha, darasa la nane. Kosa, ulevi. Adhabu, viboko vinne na kurudishwa nyumbani mpaka mwaka ujao. Saini."

"Na yeye alisema nini?"

"Mzee, hakuna."

"Hakusema?"

"Hakuna mahali pa kuandika alichosema. Tazama. Hapa tarehe, hapa jina, hapa kosa, hapa adhabu, hapa saini. Basi, safu zimekwisha."

Mzee Ngosha alikitazama kile kitabu muda mrefu, ingawa hajui kusoma. Aliweka kidole kwenye ukingo wa karatasi, pale penye nafasi tupu, akauliza, "Hapa je?"

"Hapo ni pembeni tu, Mzee."

Akashukuru, akachukua kofia yake, akarudi Igoma. Siku hiyo jioni alimnyang'anya Nkwabi fimbo ya kuchungia akampa mdogo wake. Alimwambia, "Kaa usome. Mimi nimekosea kukudhania." Nkwabi anasema katika maisha yake hajawahi kusikia baba yake akitamka neno "nimekosea", na kwamba yeye viboko vile vinne vilimwisha mwilini siku ile.

Lakini kusoma nyumbani hakutoshi. Majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la nane yanafungwa Ijumaa ijayo, tarehe 31. Jina la Nkwabi halimo. Akiukosa mwaka huu, mwakani atakuwa amepita umri wa kupokelewa darasa la tisa. Maana yake ni kwamba adhabu iliyoandikwa miezi mitano itakuwa ya maisha yake yote.

Tuliona vema, kabla ya kuileta habari hii mbele yako, tumtafute yule karani wa ghala la pamba. Tulimkuta dukani Buzuruga. Tulimsalimu, tukamwomba atuambie alimwona nani.

"Nambari tano," alisema.

"Alikuwaje, Bwana?"

"Ka-mtu kafupi. Jezi imekafika hapa." Akaonyesha goti. "Nikajisemea, hawa wameanza kuchezesha watoto."

Mgeni rasmi, umesikia urefu wa Nkwabi. Swali moja tu lingetosha, kwa karani Jumapili au kwa Nkwabi Jumatatu. Halikuulizwa.

Jambo tulilofundishwa

Mwezi Mei Mwalimu Mkuu mwenyewe, ambaye hutufundisha uraia, alitupeleka darasa zima kwenye baraza kusikiliza kesi. Alishtakiwa mtu wa makamo kwa kuiba ng'ombe wawili. Ng'ombe walikutwa nyuma ya nyumba yake, wamefungwa kwa kamba yake. Sisi tulikwisha mhukumu kabla hatujakaa. Hakimu alimsomea shitaka lake, kisha akamwuliza, "Una neno?" Mtu yule alinyamaza. Hakimu akangoja. Akamwuliza tena. Akangoja tena, mpaka wengine tukaanza kusinzia. Akamwuliza mara ya tatu, ndipo akasema maneno yake, nayo yakaandikwa yote, ingawa hayakumsaidia sana.

Tuliporudi, Mwalimu Mkuu aliandika ubaoni kwamba katika nchi huru mtu huambiwa kosa lake, hupewa nafasi ya kujibu, huleta mashahidi wake, na anayemshitaki siye anayemhukumu. Alitwambia tunakili. Tunalo daftari la Nkwabi, aliliacha dawatini. Amenakili yote manne, na la pili amelipigia mstari chini.

Hatusemi shule ni mahakama. Tunajua watoto wanahitaji fimbo wakati mwingine, na wengine wetu tumeistahili kuliko tulivyoipata. Tunasema tu kwamba mwizi wa ng'ombe aliulizwa mara tatu, na nahodha wetu hakuulizwa hata mara moja.

Tena sisi wanamichezo tuna hatari yetu ya peke yetu. Mwanafunzi mwingine akikosea, anayemwona anauliza jina lake. Sisi tunatembea na nambari mgongoni, na nambari haijui kujitetea. Kila mtu wa kando ya barabara anatujua bila kutujua.

Maombi

Tunajua, Mgeni rasmi, kwamba baada ya chai utaletewa Kitabu cha Adhabu, kama ilivyo kanuni ya ukaguzi, nawe utatia saini chini ya kila ukurasa ulioandikwa tangu ukaguzi uliopita. Ukurasa wa arobaini na moja umo. Tunaomba haya kabla hujatia saini hiyo.

Kwanza, Nkwabi aulizwe. Yupo. Tazama upande wa kushoto, nje ya ua wa katani, utamwona amesimama na baba yake. Huwezi kumkosa. Hajaingia kwa sababu amekatazwa kukanyaga uwanja huu, na hata leo hataki kuvunja amri. Wametoka kwao alfajiri. Hatuombi asamehewe. Mtu husamehewa alilotenda. Tunaomba aulizwe, na majibu yake yaandikwe, kisha wenye madaraka waamue wanavyoona haki.

Pili, waulizwe na wengine. Shaibu huyo hapo na mkongojo wake. Bibi Getruda amekuja na daftari la zahanati, ameketi pale na akina mama, na ametuambia ana zamu saa tisa, kwa hiyo tusichelewe.

Tatu, kitabu kiongezwe safu moja. Tumepima. Ukingo ule mtupu ambao Mzee Ngosha aliwekea kidole una upana wa inchi moja na nusu. Tumechora mfano kwenye karatasi kwa rula, tumeandika juu yake "Maelezo ya mwanafunzi". Karatasi hiyo iko chini ya kikombe ili upepo wa ziwa usiichukue. Inchi moja na nusu si pana, lakini wengi wetu hatuna maneno mengi.

Nne, pale mwalimu anapokuwa ndiye mshitaki, adhabu ya kumfukuza mtu shule iamuliwe na mwingine, na mzazi aitwe kabla mwanawe hajafika nyumbani na sanduku. Hili tunaliomba kwa faida ya walimu wetu pia. Mwalimu Venant ni mtu wa haki. Angekuwa na mtu wa kumwambia "hebu tumsikie kwanza", leo tungekuwa tunacheza.

Na la mwisho linamhusu yule aliyekunywa ile kata. Anataka jina lake liandikwe mahali pa jina la Nkwabi. Anajua kwamba na yeye yumo katika orodha ya mtihani, na kwamba huenda kesho asiwemo. Hatuombi aachiwe. Tunaomba tu, kabla ya kuandikwa, aulizwe ilikuwa togwa au pombe, na kwa nini alinyamaza siku tatu. Amejiandaa kujibu yote mawili.

Hitimisho

Mgeni rasmi, tumekuchosha juani, na chai inapoa. Tunakushukuru kwa kutusikiliza mpaka hapa bila kutukatiza. Mwenzetu mmoja angetoa mengi kupata muda kama huu siku ya tarehe 30 Julai.

Mungu akujalie safari njema ya kurudi mjini, akupe afya wewe na nyumba yako, awape walimu wetu subira na sisi, aijalie nchi yetu hii changa ikue na watu wake wakisikilizana.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Nane na Wanamichezo wote,
Shule ya Kati ya Nyamhela.

Imesomwa kwa niaba yao, juu ya sanduku la sabuni, na Maige Lusato, mfungaji wa bao la pili, aliyevaa jezi nambari tano kutoka Igoma mpaka getini.